Konami haikufilisika: ni nini basi kilichoiondoa PES mikononi mwetu?

Kwenye vibanda vya kuchezea gemu za PS (PlayStation) vya Kondele mjini Kisumu, na vile vya Kaptembwo kule Nakuru, kuna ubishi mmoja ambao haujapata mwamuzi. Mmoja anasema Konami, kampuni iliyotengeneza gemu ya soka ya PES, ilifilisika kitambo. Wa pili anasema la, FIFA waliinunua PES wakaizika ili wabaki peke yao sokoni. Wa tatu ana eFootball kwenye simu. Anaifungua, anawaonyesha nembo ya Konami kwenye kioo na kuwauliza kama kampuni iliyokufa hutoa gemu. Tangu Desemba 2024, FIFA walipoandaa Kombe la Dunia la soka ya kompyuta jijini Riyadh kwa kutumia gemu hiyo hiyo ya Konami, mambo yamezidi kuchanganyika. "Omera, si FIFA na PES ni maadui?"

Swali hilo linastahili jibu kamili. Wengi wetu tulikua na gemu hii, na mambo yaliyoipata ndiyo yanayozipata gemu nyingi tunazocheza leo kwenye simu. Lakini kwanza tutenganishe majina, maana manne kati yake hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Konami ni kampuni ya Japani. Ilianzishwa mwaka 1969 huko Osaka na Kagemasa Kozuki, ikianza kwa kukodisha na kurekebisha mashine za muziki za kutumbukiza sarafu. Kuanzia 1973 ikaingia kwenye mashine za michezo. PES, yaani Pro Evolution Soccer, ni gemu ya Konami. Kwao Japani iliitwa Winning Eleven, na ndiyo sababu kaka zetu waliocheza PS ya kwanza bado huiita "Winning". eFootball ni PES hiyo hiyo, iliyobadilishwa jina mwaka 2021.

FIFA ni jina lililobeba vitu viwili. Kuna shirikisho linalosimamia soka duniani, lenye makao yake Zurich, na kulikuwa na gemu iliyoitwa FIFA, iliyotengenezwa na kampuni ya Marekani inayoitwa Electronic Arts, kwa kifupi EA. Shirikisho halikuitengeneza gemu hiyo. Lilimkodisha EA jina lake, na tangu gemu ya kwanza ya mwaka 1993 likawa linalipwa kwa jina hilo. EA na shirikisho walitangaza kuachana mwaka 2022, na kuanzia Septemba 2023 gemu ya EA inaitwa EA Sports FC. Wachezaji wanaouliza "FIFA 24 iko wapi" wanauliza gemu ambayo haikutengenezwa.

Kwa hiyo FIFA haikuinunua PES, wala EA haikuinunua. PES ilizaliwa Konami, ikabadilishwa jina Konami, na iko Konami hadi leo.

Na kufilisika? Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, mapato ya Konami yalipita yeni bilioni 400, kiasi ambacho haikuwa imewahi kukifikia tangu ianzishwe. Hapo ndipo penye fumbo. Gemu tuliyoipenda imetoweka, na wenyewe ni matajiri kuliko walivyokuwa gemu hiyo ilipotawala kila kibanda kutoka Nakuru hadi Bungoma. Sega, kwa kulinganisha, ilipata hasara kubwa ikaacha kutengeneza mashine za kuchezea mwaka 2001. Huko kuanguka kwa pesa kulionekana wazi. Konami ilianguka machoni pa wachezaji huku mifuko yake ikijaa, na hayo mawili yanahusiana.

Walitupa nini hasa

Waliokuwa watoto enzi za mashine za katriji watakumbuka Contra. Gemu hiyo ilikuwa ya Konami. Ilikuwa ngumu, lakini ukibonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, ulianza na maisha 30. Aliyebuni mpangilio huo ni Kazuhisa Hashimoto, mtengenezaji wa gemu wa Konami. Alikuwa akiandaa Gradius kwa mashine ya nyumbani, akaona ni ngumu mno kuijaribu mwenyewe, akajiwekea njia ya mkato. Alifariki Februari 2020, na mpangilio wake umejulikana hata na watu ambao hawajawahi kusikia jina lake. Kampuni hiyo hiyo ilitoa Castlevania mwaka 1986, Metal Gear mwaka 1987 na Silent Hill mwaka 1999. Ukiona neno Konami kwenye kioo, ulijua utaona kitu kilichotengenezwa na watu waliojali.

Kwetu, hata hivyo, Konami ilikuwa PES. Ya kwanza kuitwa jina hilo ilitoka mwaka 2001 kwenye PS2, mashine ambayo iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Nyingi zilitufikia zikiwa mitumba, na CD za kunakili ziliuzwa mitaani kwa bei ambayo mwanafunzi aliweza kuchanga na wenzake.

Ubora wake ulikuwa kwenye mpira wenyewe. Katika gemu nyingi za soka za wakati ule, mpira ulikuwa kama umefungwa kwenye kiatu cha mchezaji. Katika PES ulikuwa kitu cha pekee, chenye uzito wake. Pasi ikipigwa vibaya ilikwenda vibaya. Mpira ukimgonga beki ulidunda kwa namna usiyoitarajia, na bao lililopatikana hivyo lilizua kelele kibanda kizima. Wachezaji nao walitofautiana kwa kweli. Adriano wa Inter, katika PES 5 na PES 6, alikuwa na mguu wa kushoto ambao ukimpa nafasi nje ya kumi na nane ulikuwa umefungwa tayari. Vibanda vingine vilikataza kumchagua. Msimamizi wa kazi hiyo, Shingo Takatsuka, ambaye mashabiki walimjua kwa jina la Seabass, alikuwa na kikosi kidogo kilichoshughulika na jambo moja: mechi ihisi kuwa ni mechi.

Halafu kulikuwa na Master League. Ulianza na kikosi cha watu wa kubuni, akina Castolo, Minanda na Ximelez, wasio na kasi wala jina. Ukapanda nao polepole, msimu baada ya msimu, ukinunua mmoja na kuuza mwingine. Kuna watu wazima wenye familia zao leo ambao ukiwatajia Castolo hutabasamu. Ligi hiyo uliihifadhi kwenye memori kadi, kijidude cha kutia mfukoni, ukatoka nacho Nyalenda ukaenda kuendelea kwa rafiki yako Manyatta. Kazi yako ilikuwa yako, unaishika mkononi.

Ndiyo maana PES ilikaa vizuri sana kwenye vibanda vyetu. Mwenye kibanda alihitaji runinga, PS2, padi mbili, CD moja na stima. Mtandao haukuhitajika. Mlilipia mechi kwa sarafu, aliyefungwa akampisha mwingine, na siku ikaenda. Kwa mwenye kibanda, CD ile moja ilikuwa mtaji wa miaka.

Uongo kuhusu leseni

Watu wengi hueleza kuanguka kwa PES kwa neno moja: leseni. Maelezo hayo yana ukweli kidogo na makosa mengi, kwa hiyo tulifungue neno lenyewe.

Leseni ni ruhusa ya kulipia ya kutumia jina, nembo, jezi au sura ya mtu mwingine. Katika soka, ruhusa hizo hazitoki sehemu moja. Majina ya wachezaji hupatikana kwa wingi kupitia FIFPro, muungano wa wachezaji duniani. Jina na jezi za klabu hutoka kwa klabu au kwa ligi yake. Mashindano, kama Ligi ya Mabingwa, yana mwenyewe mwingine tena.

Mfano wa nyumbani ni Victor Wanyama. Alipokuwa Tottenham, katika PES 2017 ulimkuta kwa jina lake sahihi, lakini klabu yake ilikuwa na jina la kubuni na jezi isiyo na nembo. Konami ilikuwa na ruhusa ya mchezaji, haikuwa na ruhusa ya klabu. Kwa mantiki hiyo hiyo, kwa miaka tofauti, Manchester United iliitwa Man Red na Liverpool ikaitwa Merseyside Red. EA ilikuwa imelipia Ligi Kuu ya Uingereza. Konami ikaambulia klabu moja moja.

Sasa angalia tarehe. Majina hayo ya kubuni yalikuwepo wakati PES inaitesa FIFA. PES 3 hadi PES 6, miaka ambayo wengi wetu tunaihesabu kuwa bora kabisa, zilijaa timu zisizo na majina halisi. Hatukujali. Watundu wa kompyuta walibadilisha majina na jezi wenyewe, na CD ya kunakili uliyoinunua mtaani mara nyingi ilikuwa imerekebishwa tayari. Isitoshe, Konami ilikuwa na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya kuanzia PES 2009 hadi 2018, miaka kumi ambayo EA haikuwa nayo, na ndiyo miaka ambayo PES ilizidi kupoteza wachezaji. Baadaye ikawa ndiyo pekee yenye ruhusa ya Juventus, hata katika FIFA 20 timu hiyo ikalazimika kuitwa Piemonte Calcio. Kama leseni ndizo zingekuwa kisa chote, mambo yangekwenda kinyume na yalivyokwenda.

Leseni zilianza kuuma pale tu mchezo wenyewe ulipopoteza ladha. Gemu ikiwa tamu kuliko ya jirani, unavumilia jina Man Red. Ikiwa inalingana nayo, au iko nyuma, huvumilii tena.

Mashine mpya, kikosi kile kile

Ladha ilianza kupotea PS3 ilipokuja. Kutengeneza gemu ya PS3 kulihitaji watu wengi zaidi, muda mrefu zaidi na ujuzi mpya. PES 2008 kwenye PS3 ilikuwa inakwama kwama, jambo ambalo kwa gemu iliyojengwa juu ya mwendo wa mpira ni aibu kubwa. Wakati huo EA walikuwa wanaijenga FIFA upya kutoka chini, na ilipofika FIFA 10 hata mashabiki wa kufa wa PES walikuwa wanakiri kwamba jirani amewapita uwanjani.

Mwaka 2009 EA wakaongeza kitu ambacho kilibadilisha biashara nzima ya gemu za soka: Ultimate Team. Unakusanya kikosi kwa kufungua pakiti za wachezaji, bila kujua ndani yake kuna nani, na pakiti hizo unaweza kuzinunua kwa pesa halisi. Baada ya miaka kadhaa, mtindo huo ulikuwa unaiingizia EA zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Konami waliona. Nao wakaja na mtindo wao wa namna hiyo, myClub, katika PES 2015, lakini wakati huo kampuni ilikuwa tayari imepata somo lake kutoka kwingine.

Haki itendeke: PES haikuwa mbaya miaka hiyo yote. PES 2014 ilijikwaa ikihamia kwenye injini mpya, yaani ule msingi wa programu unaoendesha picha na mwendo, na haikutoka kabisa kwenye PS4 wakati PS4 ndiyo ilikuwa mpya. Lakini PES 2016 na PES 2017 zilikuwa gemu nzuri mno, na binafsi naamini uwanjani zilikuwa tamu kuliko FIFA za miaka hiyo. Kikosi cha watengenezaji kilikuwa bado kinajua kazi. Makao makuu ndiyo yaliyokuwa yamegeuza macho kuangalia kwingine.

Miwa na sukuma wiki

Hapa ndipo penye kiini cha kisa chote, na mtu wa Muhoroni au Mumias atanielewa kabla sijamaliza.

Mkulima wa miwa huweka pesa nyingi mwanzoni: kulima, mbegu, mbolea, palizi. Kisha husubiri kama mwaka mmoja na nusu. Mvua ikikataa, moto ukipita, au kiwanda kikichelewa kukata, amekwisha. Jirani yake amepanda sukuma wiki kwenye kipande kidogo kando ya kisima. Mtaji wake ni mdogo, anachuma kila wiki, na pesa ni kidogo kidogo lakini haikatiki. Mwenye miwa akiangalia hesabu ya jirani kwa misimu michache, siku moja atang'oa miwa.

Gemu kubwa ya PS ni shamba la miwa. Metal Gear Solid V, iliyotoka Septemba 2015, gazeti la biashara la Nikkei la Japani liliripoti kwamba gharama zake zilipita yeni bilioni 10, na kazi yake ilichukua miaka. Gemu ya simu ndiyo sukuma wiki. Mwaka 2010 Konami ilitoa gemu ndogo ya simu kwa soko la Japani, Dragon Collection, iliyotengenezwa kwa gharama ndogo, na ikaleta faida ambayo iliwashtua wakubwa. Mwaka 2015, Hideki Hayakawa aliyekuwa amekabidhiwa tawi la gemu alieleza hadharani kwamba simu ndiko mustakabali wa gemu uliko. Hakuficha kitu.

Ni uamuzi unaoeleweka kwa mwenye hesabu. Kilichowauma watu ni namna miwa ilivyong'olewa.

Hideo Kojima, aliyebuni Metal Gear na kufanya kazi Konami tangu miaka ya themanini, alikosana na kampuni huku gemu yake ya mwisho ikikaribia kutoka. Jina lake liliondolewa kwenye kava. Agosti 2014 alikuwa ametoa P.T., kionjo cha bure cha gemu ya kutisha iliyokuwa inakuja, Silent Hills, na watu waliipokea kwa shauku ya ajabu. Aprili 2015 Silent Hills ikafutwa, na kionjo chenyewe kikaondolewa dukani kiasi kwamba aliyekifuta kwenye PS4 yake hakuweza kukipakua tena. Desemba mwaka huo, kwenye tuzo za gemu Marekani, mwendeshaji Geoff Keighley aliwaambia watazamaji kwamba Kojima alizuiwa na mawakili wa Konami kuhudhuria. Ukumbi ukazomea. Kojima akaondoka akafungua studio yake mwenyewe.

Agosti 2015 Nikkei ilikuwa imechapisha ripoti kuhusu maisha ndani ya kampuni: kamera za kufuatilia wafanyakazi kwenye korido, na watengenezaji wa gemu walioonekana hawana kazi tena kuhamishiwa ulinzi, usafi kwenye kumbi za mazoezi au kwenye kiwanda cha mashine za kamari. Miaka hiyo hiyo yakaja matangazo ya mashine za kamari zenye sura za Metal Gear na Castlevania. Mashabiki waliosubiri gemu mpya kwa miaka walipewa mashine ya kuvuta mkono.

Tuondoe uongo mwingine hapa. Watu husema Konami "iliacha gemu ikafungua jimu." Konami iliingia kwenye biashara ya kumbi za mazoezi mwaka 2001, mwaka ule ule PES ya kwanza ilipotoka, na mashine za kamari ilizitengeneza tangu miaka ya tisini. Biashara hizo ziliishi na gemu nzuri kwa muda mrefu. Na Kojima hakuwa na uhusiano na PES. Wanaosema PES ilikufa kwa sababu aliondoka wanachanganya mashamba mawili ya mwenye mali mmoja. Kilichoyaunganisha ni uamuzi wa mwenye mali.

2021: sukuma yafika uwanjani

PES 2020 ilifuatwa na PES 2021, ambayo Konami wenyewe walisema ni nyongeza ya msimu tu. Julai 2021 wakatangaza kwamba jina PES limekwisha. Gemu itaitwa eFootball, itakuwa bure, na itachezwa kwenye PS, kompyuta na simu.

Ilitoka tarehe 30 Septemba 2021. Ilikuwa na timu 9. Nyuso za wachezaji maarufu zilitoka zimepindika, wachezaji walipenyana miili, refa akakosa kuona mambo. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ilirundikiwa lawama hadi ikahesabiwa miongoni mwa gemu zilizokadiriwa vibaya zaidi katika historia ya duka hilo. Siku iliyofuata Konami ikaomba radhi. Toleo walilolihesabu kuwa kamili lilikuja Aprili 2022, zaidi ya nusu mwaka baadaye. Master League iliahidiwa kuja kama nyongeza ya kulipia, miaka ikapita bila kuonekana.

Kwa kibanda cha PS, hayo ya nyuso hayakuwa tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo lilikuwa kwamba gemu hii haikutengenezwa kwa watu wawili wanaokaa benchi moja mbele ya runinga moja. Imetengenezwa kwa mtu mmoja na akaunti yake, kwenye mtandao, kila siku. Bila mtandao unabaki na timu chache na mechi za kupitisha wakati. Mwenye kibanda wa Obunga aliyezoea CD moja ya miaka mitatu sasa anahitaji mtandao wa kudumu, na hata akiwa nao, vikosi vimefungwa kwenye akaunti za wateja wake, si kwenye mashine yake. Basi wengi wakahamia gemu ya EA, ambayo bado inauzwa kwa CD na bado inawaruhusu watu wawili kuchagua Arsenal na Barcelona wakachapana. Wengine wamebaki na PES za zamani kwenye kompyuta, zenye majina na jezi za msimu huu zilizoongezwa na watundu.

Upande wa pili, simu zilibeba eFootball mbali sana. Konami imetangaza kwamba imepakuliwa zaidi ya mara milioni 700. Kijana wa Kakamega asiye na PS wala runinga anacheza soka nzuri kwenye simu ya kawaida bila kulipa hata shilingi, na hilo si jambo dogo. Mtoto wa mwaka 2005 asiyekuwa na sarafu ya kibandani alisimama mlangoni akatazama wenzake. Wa leo anacheza.

Lakini neno "bure" linahitaji kufafanuliwa kwa makini. Kupakua ni bure, kucheza ni bure, na sarafu chache za ndani ya gemu hutolewa kwa anayeingia kila siku. Wachezaji wakali kabisa, zile kadi za magwiji, hupatikana kwa kuvuta kutoka kwenye kundi bila kujua utamtoa nani. Kila mvuto hula sarafu, na sarafu zikiisha zinauzwa kwa pesa halisi. Hununui mchezaji unayemtaka. Unanunua nafasi ya kumpata. Wiki inayofuata kuna kundi jingine lenye kadi kali zaidi, na kikosi ulichokisumbukia kinaanza kuchoka. Mwaka 2018 tume ya michezo ya bahati ya Ubelgiji iliamua kwamba pakiti za namna hii katika gemu kadhaa, FIFA 18 ikiwemo, ni kamari, na EA ikaacha kuziuza nchini humo. Mzazi ambaye mwanawe anaomba pesa za "coins" afahamu kwamba mtoto haombi pesa za kununua gemu. Gemu anayo tayari.

Basi FIFA wanafanya nini huko?

Turudi kwa swali la Kondele. Shirikisho la FIFA lilipoachana na EA, liliondoka na jina lake tu. Gazeti la New York Times liliripoti kwamba FIFA ilitaka zaidi ya dola bilioni 1 kwa kila miaka minne kwa ajili ya jina hilo. EA wakaona wanaweza kuishi bila hilo, maana klabu, ligi na wachezaji ni mikataba mingine waliyobaki nayo. FIFA ikabaki na mashindano ya soka ya kompyuta bila gemu ya kuyachezea. Konami ilikuwa na gemu yenye mamilioni ya wachezaji bila jina kubwa la kuiinua. Oktoba 2024 wakakubaliana, na Desemba mashindano yakafanyika Riyadh, Indonesia wakatwaa kombe la upande wa konsoli, yaani mashine kama PS. Hakuna aliyemnunua mwenzake. Ni mkataba wa mashindano.

Na Konami yenyewe imeanza kupanda miwa tena. Oktoba 2024 ilitoa upya Silent Hill 2, iliyotengenezwa na studio ya Poland iitwayo Bloober Team, na nakala zaidi ya milioni 1 ziliondoka ndani ya siku chache. Agosti 2025 ikaja Metal Gear Solid Delta, na Septemba Silent Hill f. Wakosoaji waliipokea vizuri Silent Hill 2, na mimi nilifurahi. Lakini mbili kati ya hizo tatu zimetengenezwa na watu wa nje, na mbili ni gemu za zamani zilizovishwa nguo mpya. Watu waliozibuni Konami iliwaacha waende.

Soka ndiyo haijaguswa na toba hiyo. Kisichokuwepo kinajulikana: Master League, na uwezo wa watu wawili kukaa pamoja na timu zote mezani bila mtandao. Pesa za kuvitengeneza zipo, hesabu za Machi 2025 zinaonyesha. Kinachokosekana ni sababu ya kibiashara, kwa kuwa vitu hivyo viwili ndivyo vinavyompa mtu furaha bila kumrudisha dukani kila wiki.

Kwa hiyo mwenye kibanda anayetaka soka ya Konami anunue PES 2021, akiipata. Ndiyo ya mwisho kukubali watu wawili, timu zote na Master League kwa CD na stima pekee, na Konami ikizima seva yoyote kesho, hiyo bado itafunguka.